Mwanamke Aliyefunikwa kwa Rangi

Haya ni kweli tupu, na nikitia hata punje ya chumvi, basi nife nikinywa maji badala ya divai. Mimi Nello nimelinda jumba la picha hapa Firenze miaka thelathini na nane, chumba cha Wabaroki, wale wachoraji wa nuru na giza, na sijui kudanganya. Mara moja tu mke wa mfanyabiashara wa sufu, aliyekufa miaka mia nne iliyopita, alinikonyeza kutoka ukutani. Nilimjibu kwa heshima.

"Mjomba, hebu sogea huku."

Oretta ni binti wa marehemu dada yangu, nimemlea mimi. Kazi yake ni kutibu picha za kale. Asubuhi hiyo karakana ilinuka tarpentaini, na mezani ililazwa picha yake mwenyewe: shali nyekundu begani, nusu ya uso kwenye nuru, nusu imezama gizani, Baroki hasa. Aliyemchora ni Lapo, mchumba wake, kijana mwenye shingo ndefu kama wale watu wa picha za Umaniera waliovutwa kama unga wa tambi. Ilikuwa zawadi ya uchumba. Harusi ilibaki wiki tatu.

"Umependeza," nikasema.

"Tazama shingoni."

Shingoni palikuwa na nyufa pana, kama matope ya bwawa lililokauka.

"Joto hilo."

"Mjomba, usinifundishe kazi. Picha ina miezi minne. Nyufa za uzee ni nyembamba kama unywele. Hizi ni nyufa za pupa. Rangi ya juu imepakwa wakati ya chini haijakauka. Sasa nikajiuliza, chini kuna nini?"

Akawasha kompyuta. Alikuwa ameipiga eksirei, ile ile wanayowapiga watakatifu wa kale. Pale alipokaa Oretta alikuwa amekaa mwanamke mwingine. Nywele fupi, bega wazi, anacheka.

"Unamjua?"

"Huyu? Wala. Sijawahi kumtia machoni."

Akampigia Lapo, akaweka sauti ya nje.

"Lapo, chini ya picha yangu kuna nani?"

Akacheka.

"Wewe na mashine zako! Turubai la zamani hilo, mpenzi. Hata mabwana wa Renesansi walibadili nia wakafunika. Si ndiyo mnaita pentimento?"

"Pentimento mchoraji anasogeza mkono uliokaa vibaya. Wewe umesogeza mtu mzima."

"Nilikuwa mwanafunzi, Oretta. Miaka kumi iliyopita. Hata jina nimelisahau."

"Kumi?"

"Kumi kamili. Haki ya mama yangu."

"Muache mama yako apumzike. Rangi ya mafuta ya miaka kumi ni ngumu kama mfupa, ukipaka juu yake haipasuki hivi. Huyu alikuwa mbichi uliponipaka mimi. Wiki mbili, labda tatu. Na pete ulinivisha mwezi mzima kabla ya hapo."

"Kwani naoa mke au naoa maabara?"

"Nataka jina."

Lapo akakata simu. Muda si mrefu ujumbe ukaingia, Oretta akausoma kwa sauti:

"Ersilia. Nilimfunika kwa sababu nilikuchagua wewe. Hayo si mapenzi?"

Akamwandikia: "Kama ulinichagua, mbona hata turubai jipya hukunipa?"

"Nilikuwa na haraka, sherehe ya uchumba ilikuwa Jumapili."

"Na mliachana naye lini?"

Nukta tatu zikacheza kwenye kioo cha simu, kana kwamba anaandika, zikazimika. Zikacheza tena, zikazimika. Oretta akavua pete, akaitumbukiza kwenye kopo la tarpentaini.

Mimi nikapandisha hasira.

"Mwanaharamu yule! Ningejua mapema, ningemvunjia brashi zote, na vidole juu yake!"

Oretta akaikuza picha ya eksirei, nyuma ya bega la yule mwanamke.

"Hapa unaona nini, Mjomba?"

"Madoa tu. Kama kazi za wale wachoraji Waimpresho, ukikaribia huoni kitu."

"Basi rudi nyuma uone."

Nikarudi nyuma. Likajitokeza dirisha.

"Ubao wa pili kutoka chini umevunjika," akasema. "Niliuvunja mimi kwa mpira nikiwa na miaka tisa. Ukanichapa. Mpaka leo hujautengeneza."

"Madirisha ya Firenze yote ni ndugu, mwanangu."

"Mjomba."

Nilitafuta uongo mmoja mzuri. Mimi, mwenye ghala zima! Sikuupata.

"Aliniomba chumba cha juu nyumbani kwangu," nikasema. "Alisema nuru yake ni nzuri. Nikampa ufunguo."

"Ulimwona huyu mwanamke?"

"Alhamisi tu."

"Alhamisi ngapi?"

"Zote."

"Nawe ukanyamaza. Alikupa nini?"

"Alikuwa ananiletea mkate wa matumbo ya ng'ombe."

"Kwa mkate, Mjomba?"

"Si kwa mkate. Aliniahidi kunichora. Oretta, nimelinda sura za makardinali maisha yangu yote. Watu elfu kwa siku, na aliyenitazama usoni ni yule anayeuliza choo kiko wapi. Nikataka na mimi nitundikwe ukutani."

"Amekuchora?"

"Alisema baada ya harusi."

Alicheka, kicheko ambacho sikutaka kukisikia tena. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa orodha ya wageni na kunisukumia simu.

"Tisini na wawili. Wapigie wote, mmoja mmoja. Waambie harusi hakuna, waambie sababu, na waambie Alhamisi ulikuwa wapi."

"Hata padri?"

"Padri hasa."

"Na shangazi yako Iride wa Prato? Yule atanitafuna mpaka Krismasi!"

"Anza naye."

Akaketi upande wa pili wa meza, akachovya pamba kwenye dawa, akaanza kuufuta uso wake mwenyewe kwenye picha. Alianzia kidevuni, taratibu, bila kulia. Simu ikaita Prato.

"Iride? Mimi Nello. Hapana, sijalewa. Kaa chini kwanza."

Nikamweleza. Nyufa, eksirei, Ersilia. Nilieleza vizuri, hata nikanogewa, nikaanza kumwongezea Lapo na mwanamke wa tatu. Pamba ya Oretta ikasimama. Nikamfuta yule wa tatu haraka.

"Mungu wangu!" Iride akapiga kelele. "Na huo uchafu wameufanyia wapi?"

Oretta alikuwa ananitazama usoni.

"Kwangu," nikasema. "Ufunguo niliwapa mimi, Iride."

Iride alinitukana kwa nusu saa, na sikuweka simu chini. Alipochoka, Oretta alinyoosha kidole kwenye jina la pili.