Kiriba Kilicholishwa Asali

Masouda alirudi kutoka kazini alasiri akakikuta kiriba cha zumari lake, ule mfuko wa ngozi, kimejaa upepo. Hakuna aliyekipuliza. Nyumba nzima, pale Sib, nje kidogo ya Maskati, walikuwa wawili tu, yeye na mamake, Bi Sayyida, na Bi Sayyida hata puto la Idi hawezi kulijaza. Kiriba kilikuwa kitini, kimetuna, mirija yake mirefu imeegemea mgongo wa kiti.

"Mama, umekigusa?"

"Nikiguse mie? Lidude linanuka kama beberu! Nna kazi zangu."

Usishangae mwanamke kupiga zumari la Waskochi. Maskati wapo, na wanalipiga barabara. Masouda alikuwa hodari kuliko wanaume wote wa bendi yao ya gwaride, ila mbishi. Wenzake walitumia mifuko ya kisasa isiyotaka matunzo. Yeye akataka ngozi ya kondoo, kama wazee wa Skotilandi, kwa sababu ngozi, alisema, ina sauti yenye nyama. Na ngozi mpya hulainishwa kizamani: unaimiminia asali na ute wa yai, unaikanda, unaipuliza, mpaka mshono uzibe usivujishe pumzi.

Sawa, hayo ya Waskochi. Lakini yeye si mtoto wa Kizanzibari? Hakuona kwao? Alhamisi iliyotangulia, jua linazama, mamake ndiyo kwanza amemaliza kufukiza ubani, naye kakaa chini na sinia, asali na mayai mabichi. Watu wanaoalika majini huandaa nini kingine? Na kwa mzaha wake, huku anaikanda ile ngozi, akasema: "Kula, mwanangu, ushibe. Pumzi ntakupa mimi." Kisha akatia mdomo, akapuliza. Lahaula! Mtu mzima na akili zake.

Baada ya hapo Bi Sayyida akaanza kutweta. Kwanza kwenye ngazi, baadaye hata akiwa amekaa. Hospitali walimpima, wakasema mapafu yake hayana neno. Ndani ya nyumba kukaingia harufu ya asali iliyochacha, ikitoka kwenye kiyoyozi pamoja na baridi.

Masouda ndiye aliyegundua, na alitamani asigundue. Kiriba kikijaa chenyewe, mamake hukosa hewa. Yeye akikijaza na kukipiga, mamake hupumua na kuomba chai. Basi akawa anakipiga. Akaomba ruhusa kazini, akamwachia mwenzake nafasi ya kupiga peke yake kwenye gwaride, nafasi aliyoililia miaka. Midomo ikapasuka. Akikiweka chini tu ili anywe maji, alisikia ngozi inaanza kuvuta, taratibu, fss, na chumba cha pili mamake anakoroma kwa kukosa pumzi. Siku moja alikibeba akakitupe mbali. Hajalifikia hata gari, Bi Sayyida kaanguka mlangoni, kucha za buluu. Akarudi nacho mbio. Tangu siku hiyo hakutoka tena, mapazia yamefungwa, joto la Juni limesimama nje ya kila dirisha.

Akampigia simu Maalim Saeed, ambaye mchana hutengeneza viyoyozi vya magari kule mtaa wa Ghala, na majini huwatoa kwa watu wanaomjua. Alikuja na grisi vidoleni. Akasoma, akasoma tena, mpaka jasho likamtoka.

"Nani kakuleta?" akakiuliza kiriba.

Mrija mrefu ukanguruma, bila mdomo wa mtu. "Nimekaribishwa. Nimelishwa. Nimeahidiwa pumzi. Yeye akinyamaza, nachukua iliyopo."

Maalim akamvuta Masouda kando. "Mwanangu," alinong'ona, "huyu hakuingia kwa nguvu, sina pa kumshikia. Lakini pumzi ya mamako imo humo ndani. Tuirudishe kwanza."

"Itarudi vipi, Maalim? Mrija wa kupulizia una ulimi wa ngozi. Pumzi ikishaingia, ulimi unafunga. Hairudi nyuma."

"Basi ung'oe."

Masouda akautia kucha, akaung'oa, akaziba matundu mengine yote kwa vitambaa, akampelekea mamake mrija mdomoni, akakikumbata kiriba kwapani na kuanza kukikamua kwa kiwiko, naye Bi Sayyida akameza upepo, akameza, macho yamemtoka, na kiriba kikawa hakiishi, kinatoa pumzi ya siku zote zile na nyingine isiyokuwa na hesabu, yenye joto, yenye harufu ya asali iliyochacha, na Maalim anasoma kwa sauti ya juu, na Masouda analia huku anakamua, kwa sababu alijua akiacha katikati mamake atakufa mikononi mwake, mpaka mwisho ngozi ikalala bapa juu ya goti lake.

Rangi ikamrudia Bi Sayyida. Harufu ikatoweka. Maalim akagonga ngozi kwa kidole, ikalia kavu, tupu. "Alhamdulillahi," akasema, akakichukua kiriba akakichome, akaondoka zake. Masouda alimkumbatia mamake akacheka na kulia pamoja.

"Nna njaa," alisema Bi Sayyida, na akaendelea, wali, papa mkavu, jirani asiyerudisha sahani, nyumba yao ya Unguja, harusi ya nani na nani, na Masouda anaitikia, anafurahi, mpaka kitu kikamgusa. Kazi yake ni pumzi. Anajua mtu anapovuta. Mamake hajavuta hata mara moja. Kifua kimetulia tuli, maneno yanatoka kwa mfululizo mmoja, hayakatiki.

Kisha sauti ikaanza kushuka, ikipinda, kama zumari linaloishiwa. Bi Sayyida akamgeukia. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na yalikuwa machozi ya mamake kweli.

"Masouda, mwanangu," alinong'ona, "inaniishia. Njoo unipulizie."

Akafumbua mdomo, akangoja.

Mlango ulikuwa wazi nyuma ya Masouda, na funguo za gari mfukoni mwake. Khofu ilimwambia kimbia. Lakini ni mamake yule, midomo inaanza kugeuka buluu. Masouda akavuta pumzi, akainama.