Maneno Manne Yaliyofichwa na Kioo

Kila alasiri akitoka shule, Machachari alivua sare, akala alichokikuta jikoni, kisha akavuka ua hadi chumba cha kazi cha mjomba wake. Mjomba alitengeneza pochi ya sarafu za mtandaoni, yaani programu ndogo inayokaa kwenye kivinjari cha kompyuta, ambamo watu huweka akiba yao. Siku nzima alirekebisha hitilafu. Akiziba hapa, pale panavuja. Machachari, mwenye miaka kumi na mitatu, alisoma malalamiko ya watumiaji, akajaribu kila walichosema, na kumpelekea mjomba yale ya kweli.

Mtoto huyo alikuwa na akili, lakini ulimi wake ulikuwa mkali kuliko akili yake.

Siku moja ulikuja ujumbe: "Hamjambo wanangu. Naambiwa niandike maneno kumi na mawili ya siri ya kufungulia pochi. Mimi naona manane tu. Nisaidieni."

Machachari alifungua pochi kwenye kompyuta ya mjomba, yenye kioo kipana. Maneno yote yalikuwepo, mistari mitatu ya maneno manne manne. Pembeni palikuwa na kompyuta ndogo kuukuu, iliyowekwa hapo kwa majaribio kama hayo, lakini aliona uvivu kuiwasha. Akajibu: "Kwangu yanaonekana yote. Nunua miwani, bibi." Akacheka mpaka akashika mbavu. Kesho yake aliwasimulia wenzake shuleni, nao wakacheka.

Miezi ikapita. Asubuhi moja ya likizo, mama mmoja mshonaji alibisha hodi. Kompyuta yake ilikuwa imeungua, na alitaka kuifungua pochi yake kwenye nyingine. Alitandaza mezani kitambaa alichokitarizi kwa uzi mwekundu. Maneno manane. Chini yake aliacha nafasi tupu.

"Manne yako wapi, dada?" mjomba akauliza.

"Sikuyaona. Niliwaandikia, mkaniambia ninunue miwani. Nikanunua. Nikaangalia tena, manane. Nikaona haya kuuliza mara ya pili."

Mjomba aliiwasha ile kompyuta kuukuu, akafungua ukurasa wa maneno. Mstari wa tatu haukuonekana. Kwenye kioo kidogo ulikatwa, na hapakuwa na namna ya kuushusha ukurasa.

"Sasa unifungulie," mama akasema. "Ni ada ya binti yangu. Anaanza uuguzi mwezi ujao."

"Siwezi, dada. Bila maneno yote hakuna awezaye, hata mimi niliyeitengeneza."

Mama alikikunja kitambaa taratibu. Machachari akapiga magoti mbele yake. "Nisamehe, mama. Ni mimi niliyejibu."

Mama alimtazama. "Wewe? Mtoto mdogo hivi?" Akainuka. "Nikikusamehe, binti yangu ataingia chuo? Niache nipite."

Hakurudi tena. Ada haikupatikana, na binti yake alikaa kwenye cherehani pamoja naye.

Siku ile ile aliyokuja mama, mjomba alirekebisha hitilafu. Alibadilisha mstari mmoja tu wa programu. Chai yake ilikuwa bado ya moto alipomaliza. Watumiaji wengine wote wakayaona maneno yao kumi na mawili. Machachari alikuwa analia kwenye kona.

"Futa machozi, usikilize," mjomba akasema, bila kumbembeleza. "Kuna kosa langu: niliandika vibaya. Kosa la namna hiyo linarekebishika, umeona mwenyewe. Yule mama alituandikia, akatuonyesha palipoharibika, bure, tena kwa adabu. Wewe ukamtia aibu mpaka akanyamaza. Mtu akikuambia haoni, kaa alipokaa yeye, utazame, ndipo ujibu. Na usijidanganye kwamba utamlipa. Hutaweza. Haya, washa hiyo kompyuta ndogo. Kuna malalamiko sita yanasubiri."