Barua Niliyoitunza Ndani ya Biblia

Jumapili, tarehe 10 Novemba 2024. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika saa mbili, na migomba ilikuwa bado inadondosha maji nilipofika kanisani Muleba. Simu ikatetemeka mkobani. Lameki alikuwa ameandika: "Leo ni tangazo la tatu. Kaa mbele nikuone, mke wangu."

Nilikaa mbele. Ndani ya Biblia yangu kulikuwa na barua mbili.

Ya kwanza nilikuwa nimeitunza miaka mitatu. Byabato, mchumba wangu, mwandishi wa habari aliyeanzia kwenye redio moja ya Bukoba, alikamatwa katika nchi ya ugenini alikokuwa akifanya kazi. Kosa lake ni kuandika juu ya watu waliochukuliwa na askari wasionekane tena. Akahukumiwa miaka tisa.

Alikamatwa pamoja na mwandishi wa nchi nyingine, aitwaye Riyadhi. Sisi tulimwendea Lameki. Ndiye aliyekuwa mshenga wetu, aliyesema na baba yangu kwa niaba ya Byabato siku ya posa, na ndiye pekee kati yetu aliyefika chuo kikuu. Alituletea barua ya Kiingereza, akatueleza ni ombi letu kwa ubalozi wa Tanzania kule. Mzee Ndalahwa, baba yake Byabato, aliweka dole gumba. Mimi niliyeishia darasa la nne niliandika jina langu kwa shida, nikabaki na nakala. Niliiweka kwenye Zaburi, na kila niliposali niliigusa.

Ukafuata ukimya. Balozi wa akina Riyadhi alisema redioni kila mara kwamba anamtaka mtu wake, na mwaka haukuisha wakamrudisha kwao. Wa kwetu hakusema lolote. Mzee Ndalahwa alisafiri hadi Dar es Salaam kuuliza kwenye ofisi ya Wizara ya Mambo ya Nje. Aliporudi alisema afisa mmoja alimjibu kwa upole kwamba wanaheshimu ombi la familia. Tukamuuliza ombi gani, hakujua. Lameki akatuambia mzee amechoka, anachanganya mambo.

Kisha Riyadhi alinipigia simu.

"Byabato ameniagiza kwako neno moja," alisema. "Kwamba ameelewa."

"Ameelewa nini?"

"Sijui, dada. Alisema hivyo akageukia ukuta."

Lameki alinifafanulia kwamba Byabato ameniachia uhuru wangu. Akawa anakuja kila Jumamosi, akikarabati paa, akimletea mama samaki. Mwaka wa tatu nikakubali.

Alhamisi iliyopita, kwenye masomo ya jioni ya Kiingereza niliyojiunga nayo, Mwalimu Jesca alitufundisha barua rasmi. Alikuwa ametuagiza kila mmoja alete barua halisi ya Kiingereza asome mbele ya wenzake. Wengine walileta za benki. Mimi nilileta ile, nikiona fahari.

Kabla sijaanza, Mwalimu Jesca alitazama anwani, akauliza:

"Anatolia, hawa wa ubalozi ni Watanzania wenzetu. Kwa nini mliwaandikia Kiingereza?"

"Lameki alisema itasomwa na wakubwa wa nchi ile pia."

"Haya, soma."

Nikasoma polepole, kidole chini ya kila neno. Kwenye sentensi ya tatu kidole kilisimama. Darasa zima lilikuwa limeshaelewa.

Ijumaa nilimpigia Lameki. Hakukana.

"Ungemngoja miaka tisa uzeeke?" alisema. "Nani alikuposa, Ana? Yeye alipiga magoti kwenye mkeka, kimya. Maneno yote yalikuwa yangu. Baba yako alinikubali mimi."

"Ulimwonyesha Byabato barua hiyo?"

"Alipelekewa nakala. Ilikuwa haki yake kujua."

"Lameki, niligusa karatasi hiyo nikimwomba Mungu."

"Basi endelea kuomba. Ukiisema, mzee atajua kwamba ni kidole chake kilichomwacha mwanawe gerezani. Utamuua. Utaweza?"

Nilikata simu. Usiku huo na kesho yake nilifunga. Jumamosi jioni nilikwenda kwa Mzee Ndalahwa, nikapiga magoti, nikamweleza yote. Alilitazama dole gumba lake muda mrefu kama kitu cha mtu mwingine.

"Kumbe sikuwa nimechanganya mambo," alisema. "Inuka, mwana wange. Kesho nitakuwepo."

Sasa Mchungaji Ombeni alikuwa anasoma matangazo. Lameki Kokuberwa wa Bukoba na Anatolia Byera wa Muleba wanakusudia kufunga ndoa. Hii ni mara ya tatu na ya mwisho. Mwenye kujua kizuizi aseme.

Nikasimama. Wanakwaya walicheka kidogo wakidhani naona haya.

"Mchungaji, ninacho kizuizi."

"Dada Anatolia, wewe ndiye bibi arusi."

"Ndiyo. Kimo ndani ya barua hii. Naomba kuisoma."

Lameki alikuwa ameinuka upande wa wanaume. "Ana, kaa chini," alisema kwa sauti ya chini. "Usijiaibishe."

"Aketi nani?" aliuliza Mzee Ndalahwa kutoka nyuma. "Mwache asome. Safari ile hatukusoma."

Nikasoma kwa Kiswahili, nikitafsiri mwenyewe:

"Sisi familia ya Byabato Ndalahwa tumeikubali hukumu aliyopewa. Tunaomba ubalozi usiendelee kulifuatilia suala lake, hadharani wala faraghani. Mchumba wake naye anaomba kuachiliwa ahadi ya ndoa, na mfungwa ajulishwe."

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Ndalahwa alikuja mbele taratibu, akainua dole gumba lake wote walione. Lameki alitoka kwa mlango wa pembeni.

Mchungaji alivua miwani. "Anatolia," aliuliza, "unataka kanisa lifanye nini?"

"Mnisikie tu."

Nikaitoa barua ya pili, ya Kiswahili, yenye mwandiko wangu mbaya. Nikaisoma.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu ninyi mashahidi, naitangua sahihi niliyoiweka bila kusoma. Naahidi kwamba barua hii itaondoka kesho kwenda ubalozini, na kila mwezi nitaandika nyingine kwa mkono wangu, mpaka waseme jina la Byabato kwa sauti kama wenzao walivyosema la Riyadhi. Naahidi kumngoja mlangoni siku atakayotoka. Na akipita bila kunitazama, naahidi kwamba sitamlaumu."