Nilimwita Mwizi Mke wa Baba Kwenye Foleni ya Ruzuku

"Mwizi ni huyu hapa. Mshikeni asitoke."

Hayo maneno yalitoka kinywani mwangu, wadau... na niliyemnyooshea mkono ni mke wa baba yangu.

Ilikuwa juzi, siku ya ruzuku ya mbolea. Foleni mpaka nje ya ghala. Ukiitwa unaweka kidole kwenye mashine, hela ya serikali inasoma, unachukua mifuko yako. Mimi nimemaliza shule, kazi sina, nilienda kubeba tu. Na raba nyeupe miguuni!

Baba hakuja. Eti mgongo.

Jina lake likaitwa, akasogea mama wa kambo. Akaweka kidole chake... mashine ikakubali.

"Mama mdogo, hiyo si ruzuku ya baba?"

"Ndiyo."

"Sasa kidole chako kinatafuta nini humo?"

"Tutaongea nyumbani, mwanangu."

Hapo ndipo nikawaka. Tangu mama mzazi afariki, ndugu walinijaza kwamba huyu atatufilisi. Nikasema leo nimemnasa.

Nilipopiga kelele, foleni nzima ikageuka. Jirani yetu, fundi baiskeli, akaguna, "Mi nilijua tu."

Bwana shamba akasimamisha malipo yetu mpaka yachunguzwe. Na mvua ndiyo hiyo imeshaanza.

Mama mdogo hakujitetea. Alitoka, watu wanampisha kama mwenye ugonjwa wa kuambukiza.

Nikarudi nyumbani kifua mbele.

"Baba, mkeo anakuibia. Nimemwita mwizi mbele ya foleni nzima."

Baba akanigeuzia viganja.

"Tazama vidole."

Nikatazama... vimelika. Mstari hata mmoja hakuna. Jembe limefuta kila kitu.

"Mashine ilinikataa msimu uliopita. Wakacheka, eti mzee hata alama hana, kama hajazaliwa. Nikaambiwa niandikishe kidole cha mtu wa nyumbani."

"Si ungeniambia mimi?"

"Nilikwambia."

Baba akashusha viganja.

"Ukanijibu una mipango yako, nisikuingize kwenye mambo ya matope."

Ni kweli. Nilijibu nikiwa kwenye simu, hata sikuinua macho.

"Nikamwomba mama yako mdogo asimwambie mtu. Niliona aibu. Leo kaitwa mwizi na bado hajasema."

Wadau, nilitamani ardhi inimeze na raba zangu.

Jana asubuhi nikarudi ghalani kumsafisha mama mdogo, foleni bado ipo.

"Sema kwa sauti ile ile," bwana shamba akaniambia.

Nikasema. Nilimsingizia, si mwizi.

"Sasa kidole chake kiliingiaje?" fundi baiskeli akadakia.

Nikisema ukweli, namvua baba nguo mbele za watu.

"Mimi ndiye niliyetakiwa kuweka changu. Nikakataa. Niliona ukulima ni wa watu wachafu."

Foleni ikaangua kicheko. "Mtoto wa kishua huyo," mama mmoja akasema. Acha wacheke...

Kumbe baba alikuwa amenifuata. Akapita katikati yao, mikono juu, viganja wazi.

"Nichekeni na mimi basi. Vidole vyangu vimekwisha."

Hakuna aliyecheka. Fundi baiskeli alitazama vidole vyake, akakunja ngumi taratibu, akaiingiza mfukoni. Na yeye analima.

Malipo yakafunguliwa. Mifuko nimebeba mimi, mpaka shambani.

Leo mama mdogo kanipakulia chakula, nyama kubwa kaniwekea mimi, kama kawaida yake. Nimeirudisha kwenye sahani yake.

Ndugu zangu, ukiona jambo la nyumbani hulielewi, kaulize nyumbani. Mimi niliulizia kwenye foleni, na yule mama bado ananiita mwanangu.