Jina la Mauwa Liko Kazini

Harufu ilianza Jumatatu, saa nne asubuhi, foleni ikiwa imefika getini. Kompyuta ya chumba cha sindano ilikuwa inanuka karafuu maiti. Editha aliinusa, akasonya, akafungua dirisha. Kwa wagonjwa wote wale, nani ana muda wa kuchunguza harufu?

Zahanati yao ya Mbagala iliachana na mafaili ya karatasi mwaka jana, kila kitu kikaingia kwenye mfumo. Kila muuguzi alipewa jina na neno lake la siri, lakini la Mauwa peke yake ndilo lililofungua bila kukwama. Basi wote wakalitumia, limeandikwa kwenye plasta na kubandikwa juu ya kompyuta. Mauwa alipofariki, miezi mitatu iliyopita, walimzika, wakala wali wa hitima, na kesho yake wakaingia kazini kwa jina lake.

Jumanne Editha alifungua faili la wifi yake Jesca, mjamzito wa miezi minane. Utotoni penisilini nusura imuue Jesca, na tahadhari hiyo Editha aliiandika mwenyewe. Haikuwepo. Akaiandika upya, akaenda kunawa mikono. Nyuma yake vitufe vikaanza kugongwa, haraka haraka, kama mtu aliyezoea kazi yake. Aligeuka. Kiti kilikuwa kitupu, tahadhari imefutwa, na chini pameandikwa: Imebadilishwa na Mauwa, leo, saa sita na dakika kumi.

Akampigia Brightson, fundi wa mfumo kule makao makuu.

"Sista, mkiingia kwa jina la Mauwa, mfumo unaandika Mauwa. Ishu iko wapi?"

"Mauwa amekufa, Brightson!"

"Kwenye mfumo yuko hai. Leteni barua na cheti cha kifo, tutamfunga."

Editha alitamani kuibamiza simu ukutani. Mzee Khalfani, mtoa majini anayejulikana mtaa mzima, alikuwa kwenye benchi akisubiri kupimwa presha, na maneno yote aliyasikia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huyo si Mauwa," alinong'ona. "Mauwa kalala kwake. Kuna kitu kimevaa jina lake, na nyie ndio mnakiita kila asubuhi na kukifungulia mlango. Mie nikikitoa leo, kesho mtakiita tena."

Editha akaibandua plasta. Mchana akakuta mpya, mwandiko wa Kokushubila, mwenzake wa zamu.

"Na foleni hii tutaimalizaje?" Kokushubila alimaka. "Andika hiyo barua yako, sie tufanye kazi."

Akaiandika, akaambatanisha cheti, akapiga simu asubuhi na jioni, na kila alipoirudisha tahadhari ya Jesca ilifutwa, akairudisha ikafutwa, mpaka akawa anaogopa hata kukigusa kile kiti, maana kila mara alikikuta kina joto.

Ijumaa ujumbe wa Brightson ukaingia: Tayari, marehemu amefungwa. Editha alishusha pumzi. Akaketi, akaingia kwa jina lake mwenyewe.

Editha: marehemu. Haruhusiwi kuingia.

Mstari wa juu yake: Mauwa: yuko kazini.

Na hapo hapo, nyuma ya pazia, akasikia sauti ya Jesca akilalamika homa, na Kokushubila akimwambia ageuke, na mlio mdogo wa kichupa kinachovunjwa shingo, akaruka akalivuta pazia akipiga kelele, "Koku, usimchome!" na Kokushubila hakugeuka, Editha akamkamata mkono kwa nguvu zake zote, na Kokushubila akajikuna tu pale aliposhikwa.

"Sindano gani hiyo, nesi?" Jesca aliuliza.

"Penisilini. Faili lako halina tatizo lolote."

"Sichomwi."

"Mama, mfumo umeidhinisha."

"Uidhinishe unavyotaka." Jesca alishuka kitandani, machozi yakimlengalenga. "Wifi yangu Editha, Mungu amrehemu, alikuwaga ananikataza hiyo kila akiniona. Simwangushi leo."

Kokushubila akairudisha sindano kwenye sinia. Editha alimshukuru Mungu kwa sauti, mara mbili, ndipo maneno ya wifi yake yakamwingia. Jesca alivaa kandambili zake, akatoka, akapita palepale Editha aliposimama.