Barua ya Maji Iliyosubiri Kupakwa Rangi

Wiki ile nyumbani kwetu hapakuwa na habari nyingine isipokuwa nembo. Mume wangu anafanya kazi ofisi ya habari ya halmashauri ya jiji. Yeye ndiye anayeandika kwenye ukurasa wa jiji, ule ambao watu wanausoma kwenye simu. Jiji lilikuwa limechora nembo mpya. Basi asubuhi nembo, mezani nembo. Majirani wakampachika jina la Bwana Nembo. Naye akafurahi!

"Mama watoto, hebu tazama buluu hii," aliniambia Jumatano. Nilikuwa kwenye cherehani, pini zimejaa mdomoni. "Na hii nyingine. Ipi imetulia?"

Nikatoa pini. "Hizo si moja?"

"Aa, nyie mafundi nguo mnajua rangi gani?"

Mimi, ninayeshona sare za shule mwaka wa kumi na mbili huu, sijui rangi! Nikarudisha pini mdomoni nisije nikasema neno baya.

Alhamisi asubuhi binti yetu mdogo aliamka anatapika. Kisha akaanza kuhara. Ana miaka mitano. Kufika saa nne macho yalikuwa yameingia ndani na midomo imekauka. Alilia bila machozi. Nikambeba mgongoni, mbio hadi zahanati.

Muuguzi wa pale ni jirani yetu, anakaa ghorofa ya juu. Alimtundikia mtoto dripu, kisha akanigeukia.

"Jirani, kwani hamchemshi maji ya kunywa?"

"Tangu lini tunachemsha maji ya bomba hapa?"

"Bomba kubwa limepasuka, maji machafu yameingia. Mhandisi wa maji alituletea barua Jumatatu. Nakala ilikwenda ofisini kwa mumeo, ili watu waonywe. Hakukuambia?"

Nilihisi kichwa kinawaka moto. Nikampigia simu mume wangu. Alikuja anahema, beji ya nembo mpya kifuani.

"Barua ipi?" aliuliza. Akafungua simu yake. Barua ilikuwepo, tangu Jumatatu saa tatu asubuhi.

"Nilimtumia mchoraji wa ofisi aitie nembo," alisema kwa sauti ya chini. "Agizo ni kwamba hakuna tangazo kutoka bila nembo mpya na picha ya meya. Nimemrudishia mara mbili, kwa sababu ile buluu..."

"Buluu!" Nilipiga kelele mpaka wagonjwa kwenye benchi wakageuka. "Uliisoma hiyo barua?"

Aliinamia simu yake.

"Nakuuliza, baba watoto. Uliisoma?"

"Niliona kichwa cha habari tu. Nilidhani ni tangazo la kawaida."

Siku tatu nzima! Mwenye habari analala nyumbani kwangu, na mwanangu anakunywa uchafu. Nilitaka kulia, nilitaka kumzaba kibao, nikashindwa yote mawili.

Muuguzi alichukua simu ile akafungua ukurasa wa jiji. "Soma hapa, shemeji. Mtu ameuliza Jumanne, 'Maji yana rangi ya chai, tunywe?' Mmemjibu nini?"

Mume wangu alisoma polepole. "'Asante kwa kuupenda mji wetu.'"

"Na kichoro cha moyo," muuguzi akaongeza. "Kizuri chajiuza, shemeji. Ukurasa wa jiji si kioo cha kujitazamia. Mtu anataka kujua mambo manne: kumetokea nini, wapi, afanye nini, mpaka lini. Yaandike hayo kwanza, kwa maneno ya kila siku."

"Na nembo je?"

"Nembo iwepo, ndogo, pembeni, ileile kila siku. Kazi yake ni kumjulisha mtu kwamba hapa linasema jiji lenyewe, si tapeli. Ninyi mna kurasa saba. Nani atajua ya kweli ni ipi? Na anayeuliza ajibiwe alichouliza. Kama hujui, sema hujui, ukaulize."

Mume wangu aliketi kwenye benchi, akaisoma barua mpaka mwisho. Akaandika kwenye ukurasa wa jiji: "Bomba kubwa la mashariki ya mji limepasuka. Maji si salama. Yachemsheni mpaka yatokote, yaacheni yapoe yakiwa yamefunikwa. Endeleeni hivyo mpaka tutakapotangaza kwamba yamepimwa na ni salama. Tulipaswa kuwaambia tangu Jumatatu. Kosa ni letu."

Simu ikalia. Alikuwa mkuu wake. Sauti yake ilisikika mpaka kwangu. "Picha ya meya iko wapi? Na nani amekutuma ukiri kosa?"

"Mkuu, mwanangu yuko kwenye dripu," alijibu mume wangu. "Tangazo limetoka hivyo hivyo. Sasa naomba lisomwe redioni, na gari la matangazo lipite mitaani. Si kila mtu ana simu ya kufungua ukurasa."

Tulidhani atafukuzwa kazi. Lakini kufika jioni watu walikuwa wameuliza maswali zaidi ya mia mbili, na wengi walishukuru. Mkuu akafyata mkia. Kurasa sita zikafungwa, ukabaki mmoja. Agizo la picha likafutwa. Sasa tangazo la hatari linatoka saa ileile linapofika, hata likiwa halina rangi hata moja.

Mwezi uliofuata bomba lilipasuka tena. Safari hii mtaa mzima tulichemsha maji kabla ya chakula cha mchana. Muuguzi aliniambia hakupokea mtoto hata mmoja mwenye kuhara kutoka kwetu.

Binti yetu alipona siku ya tatu. Ila bado ana hasira na baba yake, na mimi simkatazi. Akipewa maji na baba yake hanywi kwanza. Anakishika kikombe kwa mikono miwili, anamtazama usoni.

"Baba, leo barua umezisoma?"

Naye Bwana Nembo anajibu, kila siku, "Nimezisoma zote, mama."

Hapo ndipo anakunywa.