Bibi Aliyebaki Lango la Kusini

Haya, wewe unayejifanya huogopi kitu, nibishie. Shule niliikimbia mapema, lakini hapa Pingyao hakuna anayenishinda kusimulia, na hili lilimtokea mjomba wangu Guangfu, mchana kweupe.

Mjomba huendesha kigari cha umeme, huwazungusha watalii ndani ya kuta za mji wa kale. Siku hiyo alikuja mzee mmoja, Hou Zhenting, akalipia viti viwili. Mjomba akamtania, akamuuliza mchumba kamficha wapi.

"Ni mke wangu, Cuilan," mzee akasema. "Tulikuja kutembea hapa mwezi wa nne. Akafia nyumba ya wageni."

Mjomba akaona haya. Mzee akamweleza bila kinyongo kwamba mwili aliuzika kwao, ila kila usiku humwota mkewe akizunguka vichochoro hivi, hajui njia. Amekuja kumchukua. Mjomba aliijua desturi. Kila kona, kila daraja, kila lango, unamtajia marehemu ili asipotee. Wala mtu asiitike kwa niaba yake njiani. Anayemwitikia hivyo ni mwanawe tu, akiwa mlangoni kwao: "Nimefika." Roho ikisikia neno hilo, inatua hapo hapo. Haihami tena.

Wakaondoka.

"Cuilan, tunakata kona," mzee akanong'ona. "Shika bomba."

Kigari kikawa kizito, mjomba akadhani betri inaisha. Msichana mmoja mtalii mle kigarini akasogea, akasema, "Kaa, bibi." Kisha akakodolea macho kiti kitupu.

Kiti kilikuwa kimebonyea.

Wakafika Lango la Kusini. Mzee alikuwa anatabasamu.

"Mama Weiming, hili ndilo la mwisho. Tukilivuka, tunashika njia ya kwetu."

Halafu sauti ya kike, nyembamba, ikatoka nyuma.

"Nimefika."

Kigari kikawa chepesi. Ghafla. Kiti kikainuka taratibu.

Mzee akashuka. Akaita. Akaita tena. Akapapasa mawe ya lango kama mtu anayetafuta mkono gizani.

"Siyo hapa, mama. Siyo hapa. Weiming anakungoja mlangoni."

Aliita mpaka sauti ikamkauka, kisha akapanda basi la kurudi kwao, peke yake.

Tangu hapo, kila asubuhi wafagiaji hukuta chini ya lango alama mbili za viatu vidogo vya kitambaa, zimeelekea barabarani. Wanazifagia. Kesho yake zipo.

Unaniangalia nini? Sawa, kuna kipande nimekiruka. Nami nilikuwa kwenye kigari, kiti cha nyuma kabisa. Ile sauti ilikuwa yangu. Nilibana pua. Nilitaka watu wacheke, na hakuna aliyecheka.

Mzee hakujua. Kabla ya kupanda basi alinipa chungwa, akanishukuru. Alisema kijana mwingine angemdhihaki.